Tutajuaje kama kikundi chetu kinawasaidia kweli wanaouguza wenza wenye dimensia?

Mratibu wa kikundi, Tabata

Habari zenu, ndugu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kuuguza, wa tiba au wa tathmini ya miradi, kwa sababu jambo hili limenikosesha usingizi kwa wiki kadhaa.

Ninaratibu kikundi kidogo kinachokutana hapa Tabata Jumamosi mbili kwa mwezi. Wanachama ni 18, wanawake 14 na wanaume 4, na kila mmoja anamuuguza mumewe au mkewe mwenye dimensia, ule ugonjwa ambao mitaani tunauita tu ugonjwa wa kusahau. Katika kila kikao muuguzi hufundisha jambo moja la nyumbani, kwa mfano namna ya kumwogesha mtu anayekataa kuvuliwa nguo, au namna ya kumlisha anayesahau kumeza, kisha watu huzungumza wenyewe kwa wenyewe mpaka muda uishe. Tuna pia kijana mmoja anayepita majumbani kwa zamu na kukaa na mgonjwa kwa saa tatu, ili anayeuguza apate kwenda sokoni, kliniki, au kulala tu. Nauli ya wanachama na posho ya kijana hutolewa na mfadhili mmoja.

Mfadhili huyo sasa anataka tathmini kabla ya kuamua kama ataendelea. Fomu aliyotuletea inauliza vikao vingapi vimefanyika, watu wangapi wamehudhuria, na asilimia ngapi wameridhika. Nikiijaza, kila kitu kitaonekana kizuri: vikao vyote vimefanyika, mahudhurio hayana shida, na wote wamesema wameridhika. Hata hivyo mwezi uliopita mama mmoja ambaye hajakosa kikao hata kimoja, na ambaye kila tukimaliza husema "tunashukuru sana, Mungu awabariki", alilazwa kwa presha iliyopanda vibaya. Ilibainika kwamba hakuwa amemeza dawa zake kwa wiki tatu. Kila asubuhi alikuwa akimhesabia mumewe vidonge kwenye kifuniko cha chupa, akimsimamia mpaka vyote vishuke, na vyake yeye vikabaki kabatini. Kwenye karatasi zangu mama huyo ndiye mfano wa mafanikio.

Tulijaribu pia hojaji ya Zarit, ile ya maswali 22 inayotumika katika nchi nyingi kupima mzigo wa anayeuguza, ambayo kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 88. Mwanafunzi mmoja wa chuo alitutafsiria. Wake wengi walipata alama ndogo mno, kana kwamba hawana shida yoyote. Nilipomuuliza bibi mmoja kama anajisikia kulemewa na mzigo wa mumewe, alinitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, mume si mzigo," na maswali yakaishia hapo. Bibi huyo hulala akiwa amefunga pindo la kanga yake kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, ili mzee akiinuka usiku kuelekea mlangoni naye ashtuke.

Swali langu ni hili: katika mazingira yetu ya Dar es Salaam, kipimo gani kitanionyesha ukweli wa maisha ya watu hawa, na nitatofautishaje kati ya kikundi kinachopendwa na kikundi kinachosaidia? Niongeze kwamba mjumbe mmoja wa mfadhili aliniambia kwamba haya yote ni uzee tu, na familia za Kiafrika zimekuwa zikiyabeba tangu zamani bila mradi wowote. Nilikosa la kumjibu.

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili, Temeke

Pole sana na kazi, mwanangu, na ufikishe salamu zangu kwa mama aliyelazwa.

Bibi aliyekujibu kwamba mume si mzigo hakukuficha kitu. Swali lako ndilo lililokosea. Kwa lugha yetu, kumwita mwenza mzigo ni kama kusema unataka kumtua, na mwanamke aliyekaa na mumewe miaka 40 hatalisema neno hilo mbele ya mtu yeyote, achilia mbali mbele ya kijana mwenye karatasi mkononi. Katika miaka yangu ya kliniki nilijifunza kutouliza kuhusu mzigo wala huzuni. Nilikuwa nauliza, "Mama, una mawazo?" Akisema "nina mawazo mengi", hapo mlango umefunguka, na nilijua kwamba nimeanza kusikia habari za usingizi, hamu ya chakula, machozi ya jikoni na mengineyo. Wengine husema moyo ni mzito, wengine husema mwili umechoka lakini moyo bado upo. Maneno hayo yana tofauti, na hojaji nzuri ya Kiswahili ingetokana na maneno kama hayo, kisha ijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kutumiwa kwa wote.

Mpaka hojaji hiyo ipatikane, uliza mambo yanayohesabika. Usiku wa kuamkia leo umeamshwa mara ngapi? Wiki hii umemeza dawa zako siku ngapi? Mara ya mwisho kutoka nyumbani kwa shughuli yako mwenyewe, si ya mgonjwa, ilikuwa lini? Ukiugua ghafla usiku wa leo, nani atakaa naye? Mama wa presha angeulizwa swali la pili wiki mbili kabla, huenda asingelazwa. Uliza pia, kwa upole na faraghani, kama kuna kupigwa, maana mgonjwa aliyechanganyikiwa huweza kumpiga mkewe akidhani ni mwizi, na mama atasema alijigonga mlangoni. Uliza na upande wa pili, yaani kama kuna siku yeye mwenyewe alimfungia mgonjwa ndani au alimwinulia mkono, bila kumhukumu, kwa sababu mtu asiyelala hufika mahali hapo, na akishafika anahitaji msaada zaidi kuliko mwingine yeyote.

Jambo la mwisho: anayeuliza asiwe wewe, wala kijana wa zamu. Nyinyi mnawapa nauli. Hakuna mama mwenye adabu atakayekuambia usoni kwamba msaada wako haumsaidii.

Mtafiti wa afya ya jamii, Kinondoni

Naunga mkono yote aliyosema Mama hapo juu. Nitaongeza upande wa utafiti, nikianza na hoja ya yule mjumbe.

Dimensia ni ugonjwa wa ubongo, na upo hapa kwetu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulipita katika jamii na kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na ukakadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa rika hilo wana dimensia. Kama ingekuwa ni uzee tu, wazee wote wa Hai wangekuwa nao. Kuhusu familia kubeba, ni kweli zimebeba, lakini mara nyingi anayebeba ni mtu mmoja ndani ya familia, naye amezeeka pia. Mwaka 1999 Schulz na Beach wa Marekani walichapisha utafiti wa wanandoa wenye umri wa miaka 66 hadi 96 waliofuatiliwa kwa miaka 4. Wale waliokuwa wakiuguza wenza wao kwa maradhi mbalimbali na kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Wale waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko kama hilo. Kwa hiyo bibi wa kanga yuko sahihi kabisa: mume si mzigo. Kinachoua ni kuelemewa, na hicho ndicho ambacho mradi wako unatakiwa ukipunguze na tathmini yako iweze kukiona.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mradi unaotajwa zaidi katika uwanja huu ulianza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha New York chini ya Mary Mittelman. Waliohusika ni waume na wake 406 wa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, na jingine lilipata vikao viwili vya ushauri vya mtu binafsi, vikao vinne vya familia nzima, kikundi cha kusaidiana, na mshauri wa kumpigia simu wakati wowote shida inapotokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikadiria kwamba wagonjwa wa kundi la pili walikaa nyumbani takribani siku 557 zaidi kabla ya kupelekwa kwenye makao ya kulelea wagonjwa. Ni matokeo makubwa, lakini kipimo chenyewe hakitufai hata kidogo. Hapa kwetu makao ya namna hiyo ni nadra, na familia nyingi hazifikirii kabisa kumpeleka mzee huko. Tukihesabu waliopelekwa tutapata sifuri kwa makundi yote, na mtu asiyejua ataandika kwamba mradi haukuwa na athari.

Basi tujiulize ni nini hutokea Dar es Salaam pale ambapo New York mgonjwa angepelekwa kwenye makao. Kwa nilivyoona, hupelekwa kijijini kwa ndugu, mara nyingi kwa basi la alfajiri na bila maandalizi, naye akifika haijui nyumba aliyozaliwa. Au mlango hufungwa kwa kufuli mchana kutwa. Au binti huachishwa shule au kazi. Au mwenza mwenyewe huanguka, kama mama yako wa presha. Haya manne yanaweza kurekodiwa, kila moja kwa tarehe yake, na ningeyapa uzito kuliko alama za kuridhika.

Kuna kosa la kawaida ambalo ningependa ulikwepe. Ugonjwa huu unasonga mbele. Ukimpima mama leo na ukampima tena baada ya mwaka mmoja, mumewe atakuwa amezidiwa, na kama hali ya mama imebaki palepale, huenda hayo ni mafanikio makubwa yanayoonekana kama mradi umesimama. Huwezi kujua bila watu wa kulinganisha nao. Je, mna watu wanaosubiri nafasi? Kama wapo, waulize maswali yaleyale, siku zilezile, na wakishaingia endelea kuwauliza. Wanachama wa zamani hamkuwapima walipoingia, na hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuwauliza sasa wakumbuke walivyokuwa. Hali ya mwanzo ianze kuandikwa kwa wanaoingia kuanzia sasa.

Pia usiandike asilimia. Kwa watu 18, mtu mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia 5, na namba hiyo itampa mfadhili uhakika ambao haupo. Andika kisa cha kila nyumba kwa ukurasa mmoja, bila jina, kwa maswali yanayofanana. Na usiwachanganye wenza na watoto wanaouguza wazazi, hata kama kikundi kitapanuka baadaye. Katika utafiti wa Marekani uitwao REACH II, uliojaribu mafunzo na msaada kwa wanaouguza wagonjwa wa dimensia, na uliochapishwa mwaka 2006 ukiwa na watu 642, miongoni mwa washiriki wenye asili ya Afrika nafuu ya wazi ilionekana kwa wanandoa tu. Wangejumlishwa na ndugu wengine bila kutazamwa kivyao, nafuu hiyo isingeonekana.

Mwalimu mstaafu anayemuuguza mkewe, Kimara

Nimesoma michango yote kwa makini, nami nichangie kama mtu anayeishi ndani ya jambo hili. Mke wangu ana mwaka wa sita wa ugonjwa. Tumeoana miaka 41.

Nilijiunga na kikundi kimoja cha namna hii, sikitaji, na baada ya vikao vitatu sikurudi tena. Hakuna aliyenipigia kuuliza sababu. Sababu ilikuwa rahisi: vikao vilianza saa tatu asubuhi, wakati ambao mke wangu huwa mtulivu na ambao ndio tunakaa vizuri pamoja, nami sikutaka kuutoa kwa kitu kingine. Walioniweka kwenye orodha ya waliojitoa bila shaka walidhani sikuona faida. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uwatafute walioacha kabla ya kuwauliza waliobaki.

Hata hivyo katika vikao hivyo vitatu nilipata jambo moja lililobadilisha nyumba yangu. Kila jioni, giza likikaribia, mke wangu alikuwa akifunga furushi la nguo na kusema anarudi kwao Korogwe, mama yake anamsubiri. Mama yake alifariki zamani. Mimi, kama mwalimu, nilikuwa namsahihisha: hapa ndipo kwako, mama alishafariki, tulimzika pamoja. Alikuwa akilia kama amepata msiba upya, kisha tunagombana mpaka saa nne usiku. Muuguzi wa kikundi akaniambia nisibishane, nimsindikize. Sasa nabeba furushi, tunatoka, tunatembea hadi dukani kwa Mangi pale kwenye kona, tunanunua mkate, tunarudi. Akifika mlangoni husema, "Haya, tumefika," akaingia akaketi. Dakika ishirini. Hakuna fomu iliyowahi kuniuliza kuhusu saa kumi na mbili jioni, na nafuu yote niliyoipata iko hapo. Nashauri uwaulize watu wako: ni saa ngapi ya siku iliyo ngumu kwako, na saa hiyo leo ikoje ukilinganisha na ilivyokuwa?

Kuna lingine ambalo ni gumu kwangu kuliandika. Mtoto anayemuuguza mzazi hurudi kwa mkewe au mumewe jioni akasimulia siku ilivyokuwa. Mimi niliyezoea kumsimulia ndiye ninayemuuguza. Kuna siku ananiita kaka, na usiku hataki nilale kitandani, kwa sababu kwake yeye mimi ni mwanaume asiyemfahamu vizuri, nami humwitikia kama kaka na kulala kwenye kochi. Upweke huo haupimwi kwa kuuliza kama nimechoka. Ungeniuliza kama wiki hii kuna mtu niliyezungumza naye jambo lisilohusu ugonjwa, au kama mimi na yeye tulicheka pamoja hata mara moja, ungejua nilivyo.

Mratibu wa kikundi, Tabata

Shikamoo Mwalimu, na nakushukuru kwa kutuandikia hilo la mwisho. Shikamoo pia Mama wa Temeke.

Kuhusu wanaosubiri, wapo, ni nyumba tisa. Nasita kidogo kwenda kuwauliza watu kuhusu taabu zao kisha niondoke bila kuwapa kitu. Na kuhusu walioacha, nimefungua daftari baada ya kusoma mchango wa Mwalimu: ni saba tangu tuanze, na mbele ya majina yote saba mimi mwenyewe nimeandika neno moja, "amejitoa".

Mjane, Mbagala

Nikusaidie kuhusu hao saba. Huenda baadhi yao ni kama mimi. Mume wangu alifariki baada ya kumuuguza miaka minane, nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Kikundi changu kilikuja mazishini, wakachanga, Mungu awalipe. Nilipotoka eda nilikuta nafasi yangu amepewa mwingine, kwa sababu sheria ya kikundi ilisema ni kwa anayeuguza. Sikuwalaumu. Lakini kwa miaka minane nilikuwa sina rafiki mwingine isipokuwa wale wa kikundi, kwa kuwa marafiki wa zamani walikoma kuja mume wangu alipoanza kuwasahau. Nilipoteza mume na watu wangu kwa mara moja, na bado mpaka leo naamka saa nane usiku kusikiliza kama mlango umefunguliwa. Kama unataka kujua kikundi kinasaidia kiasi gani, mtembelee mwanachama miezi sita baada ya maziko.

Mtafiti wa afya ya jamii, Kinondoni

Pole sana, mama. Jambo hili lingekuwa la kwanza kwenye orodha yangu, nami sikulitaja.

Kwako mratibu, kuhusu nyumba tisa: usiende mikono mitupu. Mpe kila mmoja, siku hiyohiyo ya maswali, karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo ya usalama wa nyumbani na namba ya simu ya muuguzi wenu. Hilo litapunguza kidogo tofauti kati yao na wanachama, nami ningekubali hasara hiyo bila kusita. Atakayeonekana yuko hatarini aingizwe mara moja bila kusubiri zamu, nawe uandike kwamba umefanya hivyo. Si lazima waulizaji wawe wataalamu. Mradi wa START wa London, uliochapishwa mwaka 2013 ukiwa na watu 260 wanaouguza ndugu zao, uliwatumia wahitimu wa saikolojia wasio na uzoefu mkubwa, wakafundishwa na kusimamiwa vizuri, nao ndio waliotoa vikao vyote vinane vya tiba kwa wanaouguza. Ikiwa vijana wa namna hiyo waliweza kutoa tiba yenyewe na ikapunguza sonona na wasiwasi, wahitimu wawili wa ustawi wa jamii wanaweza kukuulizia maswali kumi.

Mratibu wa kikundi, Tabata

Nimefanya hesabu ya nauli. Wahitimu wawili, nyumba 34, yaani wanachama 18, wanaosubiri 9 na walioacha 7, kwa bajaji pale ambapo daladala haifiki, inawezekana ndani ya fedha tulizobakiwa nazo ikiwa tutaahirisha semina moja. Semina tutaiahirisha.

Fomu ya mfadhili nitaijaza kama alivyotaka, na nyuma yake nitaambatisha kurasa za nyumba moja moja, ukiwamo ukurasa wa mama aliyelazwa, wenye maelezo kwamba hakukosa kikao hata kimoja. Maswali tumeyapunguza hadi tisa. Neno mzigo halimo. Saa ngumu ya siku imo, dawa za anayeuguza mwenyewe zimo, na kucheka kumo. Waulizaji wataanza na wale saba, nami leo jioni nimempigia wa kwanza kuomba ruhusa. Mumewe alifariki mwezi wa tano. Alisema tuje Alhamisi, na akauliza kama bado tunakutana palepale.